Ukoko wa Vibol

Nyumba ya Wageni ya Mlimau,
Nyuma ya Soko la Zamani,
Siem Reap.

9 Oktoba 2023

Mpendwa dada yangu Chanthou,

Pokea salamu za mdogo wako ambaye bado unamwita mtoto ingawa nywele zimeshakwisha weusi. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba dawa za presha unazimeza, huzifichi tena chini ya mto. Usimgombeze mwanao Dara kwa kuniambia. Nilimbana mwenyewe kwenye simu mpaka akasema. Je, baridi ya huko Melbourne imepungua? Na ule mti wa ndimu ulioupanda kwenye ndoo umezaa, au bado unakudanganya kwa majani?

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kulia limevimba tena, limekuwa kama papai. Daktari anasema nipumzike, na mimi namuuliza, nani atawapikia wageni, wewe? Anacheka tu. Mvua ni nyingi mwaka huu na mto umejaa, lakini maji hayajafika sokoni.

Mkamwana wangu Sreyneang anakusalimu sana. Yule mbwa wake aliyekuuma mwaka ule ulipotutembelea amekufa, uzee tu. Nilijifanya nimesikitika, na kusema kweli nilisikitika.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Dada, kwenye simu unanikatiza. Sreyneang ataipiga picha barua hii na kuituma kwenye simu ya shemeji, maana kwa posta haitafika kabla ya Jumamosi. Hili la leo nataka ulisikie mpaka mwisho, ndipo ugombe. Kaa chini, weka miwani, mwambie shemeji apunguze televisheni.

Juzi alfajiri basi la usiku kutoka Phnom Penh lilituletea mgeni mmoja, binti wa Kipolandi aitwaye Jagoda. Mfuko wa mgongoni mkubwa kuliko yeye, viatu vinaning'inia kwa kamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alitaka kitanda cha bei ya chini kabisa, nikampa kile cha chumba cha juu chenye feni inayolia kama bata. Nikamwambia apande akalale kwanza. Akasema siku ya kwanza ya mji hailaliwi. Magofu makubwa ya mahekalu ya kale angeyaendea kesho yake, maana tiketi ni ghali na angeinunua kwa kujinyima. Siku ile alitaka kuuona mji wenyewe kwa miguu, bila kulipa mtu.

Basi akaanza kuutalii mji wetu kwa kuitalii nyumba yangu. Aliinamia nyumba ndogo ya mizimu pale uani, akauliza nani anakunywa ile soda nyekundu. Nikamwambia wenye nyumba. Akauliza, "Wewe si ndiye mwenye nyumba, Bibi?" Nikamjibu kuwa mimi ni mpangaji tu, tena mpangaji mwenye kelele. Alicheka mpaka akakaa. Nilimpenda pale pale, ndiyo tabia yangu, unaijua.

Sasa, unajua siku hizi huku ni siku gani. Majuma mawili ya wafu, na jikoni kwangu moto haulali. Nilikuwa nimeshazunguka mahekalu sita kwa goti hili hili, limebaki la saba, lile letu la ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimepika mchuzi wa samaki, nimefunga wali wa kunata na ndizi, na wali mweupe nimeshaupakua kwa ajili ya mabakuli ya watawa. Ukoko nimeubandua, nimeuweka kwenye kisahani pale dirishani, kama kila mwaka.

Jagoda akaingia jikoni, njaa imemkaba, akanyoosha mkono dirishani. Nikamchapa kofi la mkono, paa!

"Samahani, Bibi! Nilidhani hicho kinatupwa."

"Hakitupwi."

"Cha nani basi?"

Dada Chanthou, Sreyneang ameolewa humu miaka kumi na moja na hajawahi kuniuliza swali hilo. Anajua tu kwamba ukoko wa dirishani hauguswi. Mwanangu mwenyewe hajawahi kuuliza. Huyu wa basi la usiku kauliza, na mimi, kwa Kiingereza changu hiki cha kupangishia vyumba, nikamjibu. Labda kwa kuwa mgeni anakwenda zake.

Nikamwambia ni wa mdogo wetu Vibol. Nikamwambia ulivyokuwa ukimkwangulia ukoko chini ya sufuria na kumfichia kwenye pindo la sampoti uliyojifunga kiunoni, naye anakufuata huku na huku kama kifaranga, mama akijifanya haoni. Nikamwambia jinsi wale askari wa mapinduzi wenye nguo nyeusi walivyokuja kuwachukua watoto wa kiume kwenda kuchimba mifereji, na yeye akaenda akiwa na miaka kumi na mbili, na hatukumwona tena, wala mtu aliyemwona, wala mahali alipolala.

Nikamweleza pia habari ya wafu, maana bila hiyo asingeelewa. Kwamba siku hizi wanafunguliwa, wanapita mahekalu saba wakitafuta chakula cha ndugu zao, na wanakula pale wanaposikia jina lao likiitwa. Asiyesikia jina lake anarudi na njaa yake.

Nikamweleza kiapo chetu. Ile siku ulipokwenda mpakani na mimi nikabaki na mama mgonjwa, ulinishika mabega ukasema: usimtaje pamoja na wafu, kwa sababu ukimtaja mzima kati ya wafu umemkatia siku zake. Nikakuapia. Na kila mwaka tangu hapo nimewaita watatu tu, baba Sarin, mama Kim, na baadaye mume wangu Heng. Ukoko nauweka dirishani bila kumwita mtu. Kama yu hai, hajadhurika. Kama si hai, basi apite ajichukulie mwenyewe.

Lakini, dada, nataka ulijue lililokuwa likinila. Kila mwaka nikirudi nyumbani na vyombo vitupu, nilikuwa nawaza: na kama alikufa? Basi amepita mahekalu yote saba, mwaka baada ya mwaka, akawasikia baba na mama wanaitwa kula, akangoja na yeye aitwe. Mtoto aliyeondoka na njaa, anangoja mlangoni kwa dada yake, na dada yake anafunga mdomo. Sikukuambia kwenye simu hata siku moja, maana nilijua utalia na presha itapanda.

Jagoda akaniambia kwamba kwao mwezi wa kumi na moja watu wote huenda makaburini na mishumaa. Katikati ya makaburi upo msalaba mkubwa, na chini yake huwashiwa wale ambao makaburi yao hayajulikani. Bibi yake alikuwa na kaka aliyekwenda vitani asirudi. Kila mwaka alimwashia, na watu wakimcheka kwamba pengine kaka ameoa huko aliko na amenenepa, anawajibu, "Akiwa mzima, mshumaa haujamuunguza. Akiwa amekufa, ameniona."

Nikamwambia kwetu si hivyo. Akasema, "Haya, Bibi." Hakubishana. Ningependa angebishana, ningemjibu vizuri.

Hapo nikajaribu kusimama, goti likagoma. Sreyneang alikuwa pale mlangoni, shuka za vyumba vitano ziko majini. Jagoda akasema, nipe mimi nipeleke, si nataka kuona hekalu? Mimi nikaona heri, kuliko wazee wetu walale na njaa kwa sababu ya goti. Nikamfunga sampoti yangu ya buluu, ikamfikia magotini kama ya mtoto, urefu ule! Nikampa baiskeli ya wageni na kile kibebeo cha vyungu vinne vilivyopandana. Nikamfundisha namna ya kuketi, na majina ya kumtajia mzee wa ibada, akikunja kidole kimoja kwa kila jina, akirudia mpaka ulimi ukazoea. Akaenda zake, anayumba barabarani, bata wa jirani wanamkimbia.

Nikarudi kumenya vitunguu. Vipaza sauti vya hekalu unavikumbuka, vile vinavyofika mpaka kitandani. Siku hizi mwenye kushika kinasa sauti ni Loeung. Ndiyo, Loeung yule yule aliyekuchumbia ukamwambia huolewi na ungo, kwa yale masikio yake. Sasa ni mzee wa ibada, ana heshima zake, na masikio bado yapo.

Nikamsikia anawaita wafu wa nyumba moja, wa nyumba nyingine. Kisha akaita: Sarin. Kim. Heng. Nikaunganisha mikono kifuani.

Kisha akaita: Vibol.

Dada, kisu kilinianguka. Nikadhani nimeota. Naye Loeung akarudia, taratibu, kwa sauti kubwa iliyopita juu ya soko na juu ya mto: Vibol, mtoto wa Sarin na Kim, ndugu yake Chanthou na Phally, njoo, umeitwa.

Nilipandwa na hasira sijapata kuona. Nikamwita Sreyneang atoe pikipiki. "Huyu mtoto kanivunjia kiapo! Nitamfukuza leo hii, na feni yake nitamrushia!" Sreyneang akanipandisha, tukaondoka, mimi napiga kelele njia nzima mpaka wauza nyama wakageuka.

Tulifika watawa hawajaanza kula. Jagoda alikuwa chini kati ya vikongwe, miguu kainyoosha mbele, nyayo zinawatazama watawa! Bibi mmoja anamsukuma magoti, mwingine anamvuta sampoti, wote wanacheka, na yeye jasho linamtoka. Aliponiona akatabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Nani alikutuma jina la nne?" nikamuuliza, mbele za watu, bila haya.

Tabasamu likamtoka. Akainua mkono, akakunja vidole mmoja mmoja. "Sarin. Kim. Heng. Vibol. Ulinifundisha hivi, Bibi. Nimekosea kutamka?"

"Nilikufundisha matatu!"

"Manne, Bibi," akasema, na sasa macho yamemjaa machozi. "Nilidhani umebadilisha mawazo."

Nikageuka kwa Sreyneang anisaidie. Sreyneang akainamisha kichwa. "Mama, ni kweli. Nilikuwa mlangoni nakusikia. Ulimsomesha manne, ukarudia mara tatu. Nilifurahi, nikaona nisiseme kitu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mdomo wangu mwenyewe, Chanthou. Miaka yote nimeufunga, na siku nilipomweleza mgeni habari zake ukamtoa Vibol nje pamoja na wengine, kama mtu anayewahesabu watoto wake mlangoni asitake kumsahau mmoja. Na sikujisikia nikimtaja. Nakuapia kwa mama sikujisikia.

Loeung akashusha kinasa sauti. "Phally," akaniambia, "nimekungoja uniletee jina hilo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Sikutaka kukuuliza, si kazi yangu kumwambia mtu nani wake amekufa. Lakini limeletwa, nimeliita. Na mwambie dada yako kwamba masikio aliyoyacheka yamelisikia vizuri sana."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Nililia mbele ya watawa kama mtoto. Jagoda naye akalia, vikongwe wakalia, maana nani pale hana wake? Bibi yule wa kusukuma magoti akaniambia, "Haya, umemwita. Mgeni ameitwa mezani na sahani haina kitu? Mlishe."

Wali ulikuwa umekwisha. Jagoda alikuwa ameugawa wote kwenye mabakuli, hakubakiza punje. Ndipo nilipotazama mkono wangu wa kushoto. Nilikuwa nimeshika jani la mgomba lililofungwa, na ndani yake ukoko. Niliuchukua dirishani wakati wa kutoka. Nilikuwa nakwenda kugomba, dada, kwa nini nikachukua ukoko?

Unajua ukoko haupelekwi kwa watawa. Mama angenipiga. Nilimtazama Loeung, akatazama paa. Mtawa mzee kuliko wote akasogeza bakuli lake mwenyewe mbele yangu. Nikauweka. Ukalia kwenye chuma, ko!, na nikamwita kwa mdomo wangu, sasa kwa kujua.

Sikuona kitu, nisikudanganye. Hakuna upepo uliovuma wala ndege aliyelia. Nilichosikia ni njaa tu, mimi mwenyewe, njaa kali, ya ajabu. Nilikula sahani mbili pale pale na wale vikongwe. Unanijua, majuma haya ya wafu chakula huwa hakinipiti.

Jagoda hakukubali turudi naye. Akasema siku yake ya kwanza bado haijaisha. Alipotea masokoni, akajikuta kwenye daraja moja mara mbili, akanunua panzi wa kukaanga akidhani ni kamba, akawala hivyo hivyo kwa kuwa ameshawalipia. Alirudi jioni amebabuka pua. Alikuja jikoni akanyoosha mikono yote miwili kwangu, namna vikongwe walivyomfundisha, akataka msamaha. Nikamwambia kosa si lake, aketi ale. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Goti bado, lakini vingine vimepona.

Sasa nakuja kwako, dada yangu, na hapa ndipo ninapoogopa. Nimevunja kiapo nilichokuapia wewe. Sikuja kwanza kukuomba ruhusa, na jina likishatoka kwenye vipaza sauti vile halirudi mdomoni. Kama Vibol yu hai mahali fulani, mzee mwenye wajukuu, basi na anicheke, na siku nilizompunguzia nimempa zangu. Nimeyasema hayo pale pale mbele ya bakuli. Lakini sote wawili tunajua. Tumejua muda mrefu, kila mmoja peke yake, kila mmoja anamwogopea mwenzake.

Kama umekasirika, piga simu ugombe, nitanyamaza mpaka umalize. Kama umelia, mwite Dara aje akae nawe.

Jumamosi ndiyo siku ya mwisho. Tutawasindikiza wazee mtoni kwa vile vimashua vya mgomba, tuwawekee masurufu ya safari. Mwaka huu natengeneza viti vinne. Jagoda ameshaniomba achonge kimoja, na magofu yake ameyaona siku moja tu akasema yatangoja.

Nina ombi moja. Huko kwenu Springvale lipo hekalu, na watu wetu wamejaa. Kabla ya Jumamosi pika wali. Usipike kwenye hicho chombo chako cha umeme, hakitoi ukoko, wali wote unatoka laini kama wa hospitali. Tafuta sufuria, uweke kwenye moto, uache ushike chini mpaka unukie. Ukwangue wewe mwenyewe. Mimi nimeshamwita, na labda amekuja. Lakini ni wewe aliyekuwa akikufuata huku na huku, Chanthou, na sauti yako bado hajaisikia.

Nisalimie shemeji, umwambie aache kulalia televisheni. Nisalimie Dara na mkewe na watoto, wale wasiojua lugha yetu uwabusu tu, wataelewa. Sreyneang na mwanangu wanakusalimu, na Loeung pia, masikio na yote.

Wazee wetu wakulinde mlangoni na njiani, ulale usingizi mzuri, na chakula kisikupite.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Phally